Gurudumu Lililoganda Wingwi

Maskati, Jumatano, 12 Juni 2024

Mwatum, mjukuu wangu,

Leo ni tarehe kumi na mbili Juni, na mwezi huu natimiza miaka hamsini na miwili tangu nitoke Wingwi. Kwa miaka yote hiyo watu wa nyumbani wameniuliza habari za afya, za watoto, za joto la huku na za bei ya dhahabu. Hakuna aliyeniuliza nilifanya kazi gani hasa kule karakana ya ndege. Ukaja wewe, mjukuu wa dada yangu, ninayekujua kwa picha tu, ukanitumia sauti kwenye simu: "Babu, gurudumu la ndege linakunjwa na nini?"

Laila, binti yangu, alinikuta nachora pistoni kwenye karatasi ya kufutia mikono, chai imepoa. Akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia nimepata mwanafunzi.

Naandika kwa kalamu kwa sababu mambo haya yanataka michoro. Laila atapiga picha karatasi akutumie. Nawe nijibu hivyo hivyo.

Unasema uliliona gurudumu likikunjwa Unguja, ulipompeleka bibi yako, Dada Rahila, hospitali: ndege kubwa ilipaa ikakunja miguu kama korongo. Na ndege ndogo mliyorudi nayo Pemba miguu yake imenyooka siku zote. Umeona vyema. Lakini hata hiyo ndogo, rubani alipokanyaga breki pale uwanja wa ndege wa Chake, kilichowasimamisha ni mafuta.

Siri yote ni hii. Mafuta yaliyofungiwa hayakubali kubanwa. Ukiyasukuma upande mmoja, msukumo ule ule unafika pande zote kwa mara moja. Chukua pistoni nyembamba na pistoni nene, uziunganishe kwa bomba. Kama nene ina eneo mara kumi ya nyembamba, kilo moja ya mkono wako inakuwa kilo kumi upande wa pili. Unalipa kwa mwendo: nyembamba itakwenda mbali, nene itasogea kidogo tu. Katika ndege kubwa msukumo huo ni kama gari dogo lililosimama juu ya stempu ya barua. Ndio unaoinua mguu wenye uzito wa tani na kuuficha tumboni.

Umeniambia karakana ya ndege ya Dar inachukua vijana wachache mwaka huu kuwafunza, na kila mwombaji lazima apeleke mfano wa mfumo mmoja wa ndege alioutengeneza kwa mikono yake, mwisho wa Agosti, aueleze mbele ya mafundi. Basi tutengeneze mguu unaokunja. Tafuta mabomba ya sindano, membamba na manene, na mipira ya dripu. Tia ndani mafuta mepesi yaliyo safi, yoyote mliyonayo nyumbani. Usitie maji, maji yanaleta kutu, na fundi atakayeona maji atakucheka.

Siku gurudumu hilo litakapopanda na kushuka, nitakuja nilione, inshallah.

Babu yako,
Haroub

*

Wingwi, 27 Juni 2024

Babu mpendwa, shikamoo. Idi ilikuwa njema, tunashukuru.

Mguu upo! Haujakunja lakini upo, umesimama mezani kwa Bibi kama mgeni asiyetaka kukaa. Nimeuchonga kwa mti wa mkarafuu. Gurudumu ni la toroli ya mtoto iliyokufa.

Mabomba ya sindano niliyafuata Wete, dukani kwa Juzer. Akaniangalia juu ya miwani: "Mabomba manane? Kwani Bi Rahila kazidiwa?" Nikamwambia, la, natengeneza ndege. Akayafunga taratibu, akasema, "Haya mwanangu. Ikipata nafuu nipe habari."

Nilikwama hapa: nikisukuma bomba dogo, gurudumu linapanda kidogo. Nikivuta ili nisukume tena, linashuka. Nikampelekea Usama, fundi baiskeli wa hapa kwetu. Yeye ndiye aliyenipa jina la Rubani, na sasa hata watoto wa chuo cha Kurani wananiita hivyo. Akasema, "Rubani, tairi ukilipiga pampu, upepo unarudi?" Nikasema haurudi. Basi tumekata vali mbili za mpira wa baiskeli. Moja inaruhusu mafuta yatoke kwenye tangi, ambalo ni chupa ya jemu, yaingie kwenye pampu. Nyingine inaruhusu yatoke kwenye pampu yaende kwenye silinda. Hakuna kurudi. Sasa nikipiga mara nyingi gurudumu linapanda ngazi kwa ngazi! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Lakini linatetemeka. Nikisukuma kuna mahali mkono unazama bure. Kwa nini?

Na jambo jengine. Nilimsomea Bibi barua yako. Pale uliposema utakuja, aliniambia, "Rejea hapo." Nikarejea. "Rejea tena." Kisha akavaa baibui akatoka. Jioni chokaa ikafika. Anakipaka chumba chako.

Mjukuu wako,
Mwatum Ahmada

*

Maskati, 3 Julai 2024

Mwatum,

Vali za baiskeli! Nimemsomea kila mtu msikitini aliyekubali kunisikiliza, na wawili ambao hawakukubali. Msalimie Usama. Mwambie vali hiyo ya upande mmoja imo katika kila ndege inayopita juu ya kichwa chake, na inafanya kazi ile ile.

Mkono wako unazama bure kwa sababu kuna hewa ndani. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Unasukuma, na nguvu yako yote inakwenda kukandamiza povu badala ya kuinua mguu. Rubani akikanyaga breki yenye hewa, kanyagio linashuka mpaka sakafuni na ndege inaendelea na safari yake. Isimamishe silinda mdomo juu, igonge kwa kidole mapovu yapande, fungua kidogo, acha yatoke, funga. Rudia mpaka yatoke mafuta matupu. Usiwe na haraka. Nimeona wahandisi wenye vyeti vya ukutani wakiona uvivu na povu la mwisho.

Sasa ongeza vitu viwili. Cha kwanza ni njia ya kurudi. Mafuta yaliyofanya kazi lazima yapate bomba la kuyarejesha kwenye tangi, la sivyo gurudumu litapanda na lisishuke. Weka kile kibano cha dripu, ukikifungua mafuta yarudi. Hapo utakuwa na mzunguko: tangi, pampu, silinda, tangi. Ndege haimwagi mafuta yake nje, yale yale yanazunguka, yanapita kwenye chujio, yanaingia kazini upya. Cha pili ni vali ya usalama, inayofunguka yenyewe msukumo ukizidi. Kwako tia mpira laini mahali pamoja, uchomoke kabla bomba halijapasuka usoni mwako.

Na usiwahi kutafuta uvujaji kwa kidole. Kwako si hatari, lakini ianze kuwa tabia sasa. Katika ndege, tundu dogo kama ncha ya sindano linarusha uzi wa mafuta usioonekana, unaopenya ngozi kama kisu. Mwenzangu alikatwa kidole kwa sababu hiyo. Tafuta kwa kipande cha boksi.

Mwambie Dada asijisumbue na chokaa katika joto hili.

Babu yako,
Haroub

*

Wingwi, 21 Julai 2024

Babu, shikamoo.

Nina habari, na usicheke mpaka umalize.

Hewa nimeitoa. Njia ya kurudi ipo. Alasiri ya Jumamosi ya wiki iliyopita gurudumu lilipanda na kushuka mbele ya Usama na majirani, laini kabisa, na Usama alitaka kulipeleka Dar yeye mwenyewe kwa niaba yangu. Mwalimu mkuu wa skuli yangu ya zamani, Micheweni, akasikia. Akaniita nikawaoneshe wanafunzi Jumatatu asubuhi, wakiwa kwenye mstari. Nikafikiri, vizuri, ni mazoezi ya Dar.

Nikauacha mguu barazani usiku ili nisichelewe. Alfajiri nikaubeba kwenye bodaboda. Kulikuwa na ubaridi, nimejifunga mtandio mara mbili.

Skuli nzima imesimama. Nikaeleza vizuri, Babu, wallahi nilieleza kama wewe. Nikasema, "Sasa rubani anainua magurudumu." Nikasukuma. Kimya. Nikasukuma kwa mikono miwili. Gurudumu likapanda nusu, likasita. Nikafungua njia ya kurudi lishuke. Halishuki. Limesimama katikati, hewani, halina pa kwenda. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Abiria wana hali gani?"

Nikainama kuangalia mpira, nikaona ndani mweupe. Mweupe kama nta! Nikajua hapo hapo. Babu, nilitia mafuta ya nazi. Uliniambia mafuta mepesi yaliyo safi tuliyonayo nyumbani, na nyumbani tuna mafuta ya nazi aliyoyapika Bibi mwenyewe, safi kuliko maji. Na huu ni mwezi wa Julai, kipupwe, kila nyumba ya Pemba inaweka chupa ya mafuta juani asubuhi kabla ya mtu kujipaka. Mimi mwenyewe ndiye ninayeitoa ya Bibi kila siku! Alasiri yalikuwa maji. Alfajiri yameganda.

Mtoto mmoja wa darasa la tano akapaza sauti, "Bi Mwatum, ianike!" Basi uwanja mzima ukavunjika mbavu. Nikauanika. Jua lilipopanda gurudumu likashuka lenyewe, taratibu, kama mzee anayekaa kitako, nao wakapiga makofi kwa muda mrefu. Nilicheka huku nalia.

Na pete za mpira ndani ya mabomba zimevimba, zinakwama. Ni mafuta hayo hayo? Niambie upesi, Agosti inafika.

Bibi amesema, "Haroub naye kasahau kipupwe?" Hakucheka aliposema.

Mwatum

*

Maskati, 24 Julai 2024

Mwatum,

Nilicheka kabla sijamaliza, nisamehe. Laila alikuja kuangalia kama nimepaliwa.

Kosa ni langu. Nilikuandikia huku kiyoyozi kinavuma na nje ni digrii arubaini na tatu, mahali ambapo mafuta ya nazi hayagandi mwezi kama huu. Mtoto wa darasa la tano anajua, mimi nilisahau. Nimekaa na jambo hilo siku nzima.

Lakini sikiliza, maana kipupwe kimekufundisha kitu ambacho mimi nilifundishwa kwa mwaka mzima. Juu kule ndege inakopita, nje ni baridi ya digrii hamsini chini ya sifuri. Mafuta yakiwa mazito, rubani anavuta usukani na bawa haliitiki. Kisha ndege hiyo hiyo inashuka Maskati, breki zinawaka moto, na mafuta yale yale hayaruhusiwi kuchemka wala kushika moto. Ndiyo maana ndege kubwa zina mafuta yao maalumu, yametiwa rangi ya zambarau ili fundi asiyachanganye na mengine. Pete za mpira nazo zinachaguliwa kwa kufuata mafuta: pete inayokaa salama katika haya, inavimba na kuoza katika yale. Zako zimevimba kwa sababu hiyo hasa. Umeona kwa macho yako aina mbili za ajali ambazo wengine wanazisoma vitabuni. Ukiwa Dar, uwaambie mafundi habari ya Micheweni. Usiifiche. Ianze nayo.

Nunua pete na mabomba mapya, utie mafuta ya breki ya gari. Yanastahimili ubaridi wenu na hayadhuru mpira wa namna hiyo. Vaa glovu, yanachubua ngozi na rangi.

Sasa nakupa jambo la mwisho, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Aliyeunda ndege alijiuliza: yakimwagika yote je? Kwanza, ndege kubwa ina mifumo miwili au mitatu, kila mmoja na tangi lake na mabomba yake, isiyoazimana hata tone. Ukifa mmoja, mwengine haujui habari. Pili, yakiisha yote, rubani anavuta mkono wa chuma unaofungua ndoano inayoushikilia mguu kule juu, na mguu unaanguka kwa uzito wake wenyewe. Ukifika chini, komeo linaingia mahali pake na kuufunga. Hakuna pampu, hakuna mafuta, ni uzito wake tu. Tengeneza ndoano hiyo kwa msumari, na komeo kwa springi. Watakuuliza.

Babu yako,
Haroub

*

Wingwi, 30 Agosti 2024

BABU NIMEPATA!

Nimepata nafasi, nimepata. Miaka mitatu ya mafunzo, na kuanza ni tarehe mosi Oktoba.

Tulikuwa wengi. Kulikuwa na kijana aliyeleta injini inayowaka taa. Wangu ulikuwa mguu wa mkarafuu wenye gurudumu la toroli, nikatamani kuufunika kanga. Mbele yetu mafundi watatu, katikati bwana mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Nikaanza na Micheweni, kama ulivyosema. Nilipofika pa "ianike" yule mnene akashika meza kwa kicheko. Akaniuliza digrii ngapi mafuta ya nazi yanaganda, nikamwambia kama ishirini na nne. Akaniuliza pete, nikajibu. Nikainua gurudumu, nikalishusha, nikaliinua tena.

Kisha akatoa mkasi mfukoni, Babu, akakata mpira! Mafuta yakamwagika mezani. Akasema, "Mafuta yameisha. Una abiria hamsini na uwanja uko mbele yako. Fanya." Mkono ulikuwa umeshafika kwenye msumari. Nikavuta. Mguu ukaanguka, komeo likaingia: tak! Nikaupiga ngumi kuwaonesha haurudi.

Akalitikisa komeo. Akasema, "Nani kakufundisha?" Nikasema babu yangu. "Yuko wapi?" Maskati, kwa barua. Akawageukia wenzake: "Tumchukue huyu, na babu aje kesho kuripoti kazini."

Usama amefunga kibao dukani kwake: HAPA NDIPO VALI ZILIPOTOKA.

Lakini Babu, kuna kizito. Nilimpa Bibi habari, akanikumbatia, akashukuru Mungu, akalia. Asubuhi nikamwomba ruhusa. Akasema, "Nyumba hii hatoki mwengine mpaka Haroub arudi." Nimemwomba kila siku. Baba yupo kisiwani Fundo na mashua yake, nikampigia simu, anasema amri ni ya Bibi, ndiye aliyenilea tangu Mama afariki, na mimi siwezi kutoka bila radhi yake. Sitaki kutoka bila radhi yake. Chumba chako kimekauka chokaa, kina kitanda kipya. Unakuja lini? Ukija hata kwa wiki moja, kabla ya Oktoba, ataniacha.

Mwatum

*

Wingwi, mwezi mosi Rabiul-awwal, yaani 5 Septemba

Mdogo wangu Haroub, assalaam alaykum.

Nakuandikia mwenyewe kwa herufi za Kurani tulizosoma chuoni, maana ndizo nilizonazo. Mwatum atapiga picha, nimemwambia asisome. Atasoma, namjua.

Mtoto kakwambia mie namzuia. Kweli namzuia. Sababu haijui, nakwambia weye.

Ulipotoka ulinambia miaka miwili. Sina hasira nawe, umetuma, umesalimia, umezika na kuozesha kwa simu. Lakini kila mwaka kabla ya masika nimetia makuti chumba chako, mpaka mwaka ule yalipoingia mabati. Kila mgeni aliyetoka Maskati nimemuuliza, Haroub kasema lini? Wote wanajibu neno moja, mwakani inshallah. Kungoja ni kazi, Haroub. Mie naifanya wala silalamiki. Lakini ntu mmoja namweza. Wawili siwawezi, nina miaka sabini na tano.

Huyu nikimtoa nitaanza kumngoja naye, na weye bado hujafika. Ndiyo maana nimesema uje kwanza, nikushushe, nipate nguvu ya kumpandisha yeye.

Basi nijibu. Inshallah ni ya Mungu, sikuulizi ya Mungu. Nakuuliza yako.

Dada yako,
Rahila binti Mmanga

*

Maskati, 9 Septemba 2024

Dada Rahila, waalaykum salaam. Shikamoo.

Nimeisoma barua yako kwa herufi zako, na mwandiko haujabadilika. Ile herufi ya mim yako bado inaning'inia chini ya mstari kama ndoano, mwalimu aliwahi kukuchapa kwa ajili yake.

Mwatum, najua unasoma. Soma. Nina fahari kuliko ninavyoweza kuandika. Huku Laila ameshatangaza kwa kila mtu, na yule mzee wa duka la viatu, asiyejua Pemba iko wapi, amenipa mkono.

Dada, nilimfundisha mtoto kwamba bomba lenye hewa halisukumi kitu. Unakanyaga, kanyagio linashuka, na mbele hapasogei. "Mwakani inshallah" yangu ndiyo hewa hiyo. Umeikanyaga mwaka baada ya mwaka. Leo naifungua itoke.

Hakuna anayenizuia. Pasi ninayo, nauli ninayo, daktari haniambii chochote cha kuogopesha. Mke wangu Mwanawema kalala kaburini hapa, na watoto wangu wanaota ndoto zao kwa lugha ya huku. Lakini si hilo tu. Kwa miaka yote hii nimeamini kwamba Wingwi ninayo, nimeihifadhi, siku yoyote nikitaka nitaifungua niikute. Kisha nikamwambia mtoto atie mafuta yoyote ya nyumbani, katikati ya Julai. Wewe uliuliza kama nimesahau kipupwe. Ndiyo, Dada, nimekisahau. Nikija, utampokea mgeni anayejua jina la kila mtu na hajui asubuhi yenu ina ubaridi gani. Yule unayemngoja ana miaka kumi na tisa, na mimi mwenyewe sijui alikoishia.

Hiki nilichokuwa nacho cha kurudisha nyumbani kimesharudi. Kiko mikononi mwa Mwatum, kimekatwa mkasi mbele ya watu na kikafika chini salama.

Basi mpe ruhusa aende. Chumba kilichopakwa chokaa mpe yeye, atie meza ya vifaa vyake karibu na dirisha, maana atakuja likizo na mafuta ya zambarau kwenye kucha na hadithi ambazo hutazielewa, na utazisikiliza. Mimi nitajibu kila barua yake. Wewe umesema unaweza kumngoja mtu mmoja. Mngoje yeye, Dada. Yeye atarudi.

Mimi sirudi.

Mdogo wako,
Haroub